Mbwa wa ploti hana mwenyewe hadi amuume mtoto

KATIKA mitaa mingi ya Eastlands jijini Nairobi, mbwa ni mlinzi wa wote na mali ya asiyejulikana. Kwenye ploti za Kayole, Umoja na Dandora hulala langoni, hula makombo ya wapangaji kadhaa na kubweka mgeni apitapo usiku. Walakini siku anapomuuma mtoto, kila mpangaji humkana, naye mwenye nyumba hudai mbwa huyo alijileta tu.

Suala hilo la umiliki, ingawa laonekana dogo, ndilo linalotatiza vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, makadirio rasmi ni kwamba huua hadi watu 2,000 nchini kila mwaka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona.

Mwaka wa 2014, Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo. Kaunti za majaribio zilikuwa Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na Kisumu, Nairobi haikuwamo.

Hata chanjo ikitolewa bure, nani atampeleka mbwa wa ploti, ambaye tangu azaliwe hajafungwa kamba? Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, nalo shirika la kutetea wanyama la KSPCA liko Karen. Kote huko ni magharibi mwa jiji, na ni makanga gani wa matatu atakayekubali kumbeba mbwa kutoka Dandora?

Kuna wanaoshikilia kuwa suluhu ni sumu. Hoja hiyo haina mashiko. Mbwa koko wakiuawa, wengine huja kutwaa nafasi yao maadamu taka zingali zimetapakaa, na miongoni mwa wanaouawa huwamo waliokwisha kuchanjwa. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo ziliutokomeza ugonjwa huo mwaka wa 2014. Ulirejea 2016, ukazimwa tena 2018 kwa chanjo iliyorudiwa. Nairobi, bila shaka, si kisiwa; mbwa wa Machakos na Kiambu huingia wapendavyo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana jukumu la kutoa leseni za mbwa na kushughulikia maslahi ya wanyama. Iliwapa pia hospitali za kaunti, kama ile ya Mama Lucy Kibaki inayohudumia wakazi wa Eastlands. Hivyo basi, serikali inayopaswa kuwadhibiti mbwa ndiyo hiyo hiyo inayowapokea walioumwa. Mbwa huhitaji sindano moja kwa mwaka, ilhali aliyeumwa huhitaji dozi kadhaa katika muda wa wiki chache, nazo ni ghali kuliko ya mbwa. Kupuuza mbwa, kwa hesabu hiyo, si kubana matumizi.

Kwa sasa mzazi hana budi kujua la kufanya. Jeraha, hata likiwa mkwaruzo, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Katika mitaa ambako mifereji hukauka kwa siku kadhaa, itabidi mtungi wa maji usikosekane nyumbani. Mbwa naye, ikiwezekana, asiuawe bali afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Watoto nao waambiwe mapema kwamba hawatachapwa wakisema wameumwa, kwani wengi huficha, na ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza.

Kuhusu umiliki, kaunti yaweza kuanza kwa kumwandikisha kila mwenye ploti kuwa mmiliki wa mbwa anayelala langoni mwake. Kodi ya nyumba hupokea kila mwezi. Mlinzi wake wa usiku, asiyemlipa hata senti, astahili angalau sindano moja kwa mwaka.