Vielezi Viigizi na Uhakiki wa Mandhari ya Rangi za Maji

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakijajitosheleza kwa uhakiki wa uchoraji, kwa kuwa vivumishi vyake vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Maoni yetu ni kinyume cha dai hilo. Tutayafafanua kwa kurejelea mandhari za rangi za maji za Emil Nolde (1867–1956), Mjerumani aliye miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa mkondo wa ekspreshonizimu.

Nolde aliichora nchi tambarare ya Seebüll, karibu na mpaka wa Denmark. Rangi aliiacha itawanyike yenyewe kwenye karatasi ya Kijapani iliyolowa, hata mpaka baina ya wingu na maji ukafifia. Humo mbingu yaweza kuwa nyekundu na bahari ikawa ya manjano. Anayetafuta ufanano na maumbile hataupata. Kilichochorwa ni ukali wa hisia.

Sasa tuzingatie vielezi viigizi: nyekundu pyu, nyeusi ti, nyeupe pe. Neno pyu halitaji rangi nyingine. Hudhihirisha upeo wa wekundu kama msemaji anavyouhisi. Aidha, manjano na zambarau ni majina ya vitu kabla ya kuwa ya rangi: kiungo na tunda. Kwa hiyo kusema "bahari ya manjano" ni kukutanisha katika fikra vitu visivyokaa pamoja, na ndivyo alivyofanya mchoraji kwa brashi. Kinachoitwa upungufu wa lugha ni nyenzo ya uhakiki.

Hata hivyo, ukali wa hisia si ithibati ya uadilifu. Mwaka 1937 utawala wa Wanazi ulitwaa kazi za Nolde zaidi ya 1,000, na mwaka 1941 ukampiga marufuku kufanya kazi ya uchoraji kitaaluma. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama chao, na chuki yake dhidi ya Wayahudi imo katika maandishi yake. Mhakiki hana budi kuyabainisha yote mawili: pyu ya mbingu ile, na mkono ulioipaka.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza wanafunzi wa uzamili wahimizwe kuhakiki picha kwa Kiswahili sasa, bila kungoja orodha za istilahi. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.