Mtoto Asiende Peke Yake Kutafuta Kibarua

Mshenga akibisha hodi kuposa binti, hapa kwetu Handeni na Korogwe watu hawalali. Wajomba huitwa, mashangazi hutumwa kuulizia, ukoo wa mposaji ukapekuliwa hadi kwa babu: ni watu wa wapi, wanaishije na jirani zao, kijana mwenyewe ana hasira? Ni desturi njema na idumu. Lakini mbona mtoto huyohuyo, alipokuwa na miaka 14 akasema amepata kibarua kwa bwana fulani kule barabarani, tulimwitikia "haya, nenda," tukaendelea na shughuli zetu? Hakuna aliyeuliza bwana fulani ni nani.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Sisi sote tumekua na jembe mkononi, na kijana asiyejua kutoka jasho ni mzigo kwa mke wake wa kesho. Tena shida tunazijua. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, lakini daftari halikufutwa, wala sare, wala sabuni ya kufulia hiyo sare. Mtoto anayetaka kumpunguzia mama yake mzigo huo anastahili pongezi.

Hata hivyo, si kila kazi inamfaa mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza asifanye kazi usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Inamkataza pia migodi na machimbo ya mawe, kubeba mizigo mizito, mahali penye mashine, baa na hoteli. Ukishayajua hayo, pita stendi usiku uangalie ni nani wanaokimbilia madirisha ya mabasi na ndoo za maji na mayai ya kuchemsha vichwani. Nenda gulioni uone gunia la mahindi liko mgongoni mwa nani. Duara la dhahabu halimfai mtoto, hata kama kazi yake ni kuosha mchanga tu, kwa sababu zebaki inayotumika huko haichagui umri, na mwili unaokua ndio unaoumia zaidi. Korona ya kusindika mkonge nayo ni mashine. Haina habari na vidole vya mtu.

Huo mkonge una funzo lake. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, mashamba yake yamekula nguvu za watu wengi, wakiwamo manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali. Mfumo wa kipande, yaani kadi ya siku za kazi, ulikuwa mkali: mtu hakupata mshahara mpaka atimize siku 30 za kazi. Lakini hata katika ukali ule, siku ya kazi iliandikwa kwenye kadi, na mfanyakazi aliishika. Mtoto wetu wa leo anapalilia shamba la mtu wiki nzima bila hata mstari mmoja wa maandishi, na siku ya malipo anaambiwa zilikuwa siku nne. Atabishana na nani? Ni mtoto, na yule ni mtu mzima.

Ndiyo maana nasema asiende peke yake. Mzazi, fuatana naye mpaka kwa huyo mwajiri. Keti, pokea maji ukikaribishwa, kisha uliza: kazi ni ipi hasa, inaanza saa ngapi, inakwisha saa ngapi, malipo ni kiasi gani, na yatawekwa mkononi mwa nani? Mpe mwanao daftari dogo aandike kila siku aliyofanya. Mwajiri mwenye nia njema hataona vibaya. Atakuheshimu, na mtoto wako atamheshimu pia. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu. Kama baba ana udhuru, yupo mjomba, yupo balozi, yupo mwalimu wa shule.

Na malipo yawe ya haki. Sheria hiyo ya Mtoto inasema mtoto alipwe ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Akipalilia matuta sawa na mtu mzima, apewe fedha ya mtu mzima. Kumlipa nusu kwa kuwa ni mdogo ni wizi, hata kama kila jirani anafanya hivyo.

Kazi nyepesi si haba. Kuna kuchuma na kuhesabu machungwa siku ya Jumamosi. Kuna bustani ya mchicha ya kumwagilia kwa maji ya kisima au bomba, si ya kuchota Mto Pangani wenye mamba. Kuna kuku wa bibi, ambao mtoto makini huwafuga kwa makubaliano ya kugawana vifaranga. Fundi cherehani anahitaji mtu wa kushona vifungo, na mwenye duka asiyeona vizuri anahitaji wa kumwandikia hesabu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuwafundisha wadogo kusoma, jirani wakachanga kidogo. Zote hizi ziko karibu na nyumbani, jua halijazama mtoto amerudi.

Kuhusu wasichana nasema bila kuzunguka. Msichana wa miaka 14 asipelekwe Dar es Salaam wala Arusha kufanya kazi za ndani. Anayelala nyumba ya mwajiri hana saa ya kuanza wala ya kumaliza, hana shule, na ule msemo wa "mshahara wako nakutunzia" umewaliza wengi. Akidhulumiwa usiku, mlango wa mama yake uko mbali.

Mzazi fukara ataniambia: nikianza kuuliza maswali, kazi itapewa mwingine, tutakula nini? Namwelewa. Lakini tukiuliza sote, mtaa mzima, huyo mwingine atatoka wapi?

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, watoto wataanza tena kutafuta. Mwanao akikuambia amepata kibarua, muulize ni kwa nani, kisha uvae viatu, mwende wote.