Kabla ya kugonga muhuri kwenye vitalu vya bahari

Machi 2025, katika kongamano la petroli la Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba inajiandaa kunadi vitalu 26 vya utafutaji wa mafuta na gesi, 23 katika Bahari ya Hindi na 3 katika Ziwa Tanganyika. Hii ni duru ya tano. Ya nne ilifunguliwa Oktoba 2013 na kufungwa Mei 2014. Vitalu vilikuwa 8, maombi yakaja 5, na hadi leo haikuzaa hata kisima kimoja. Baada ya ukame mrefu namna hiyo, hamu ya kumpata mwekezaji, yeyote yule, ni kubwa. Hamu hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi.

Tunasema na maofisa wa PURA (mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi), wa TPDC (shirika la petroli la taifa) na wa Wizara ya Nishati. Sehemu ngumu ya kazi yao iko siku ombi linapopokelewa, miezi mingi kabla ya wapiga picha kuitwa kwenye hafla ya kutia saini. Siku hiyo kuna swali moja ambalo halina budi kuulizwa: huyu anayeomba ni nani hasa?

Nigeria haikuliuliza, au ililiuliza na kunyamazishwa. Aprili 1998 kitalu cha OPL 245, katika maji ya kina kirefu ya Ghuba ya Guinea, kilitolewa kwa kampuni iitwayo Malabu, iliyosajiliwa siku chache tu kabla. Kampuni hiyo haikuwa imewahi kuchimba kisima popote duniani. Ilitakiwa kulipa dola milioni 20 kama ada ya kutia saini. Ililipa takribani milioni 2. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya London ilibaini kwamba Dan Etete, waziri wa mafuta wakati kitalu kinatolewa, alikuwa na maslahi makubwa ndani ya kampuni hiyohiyo tangu ilipoundwa. Mwaka 2011 Shell na Eni zililipa dola bilioni 1.3 ili zikipate kitalu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita serikalini tu ikielekea Malabu. Machi 2021 mahakama ya Milan iliziachia huru kampuni hizo mbili na washtakiwa wenzao katika kesi ya rushwa. Hatuna ugomvi na hukumu. Ila kesi za miaka ishirini baadaye hazirudishi kitalu, na lile faili la 1998 lilipita mikononi mwa watumishi wa umma waliokuwa wakilipwa mshahara ili walisome.

Hapa kwetu sheria zipo. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kuwasilisha kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, majina ya wamiliki manufaa, yaani binadamu wenye nyama na damu walioko nyuma ya kampuni. Ombi la kitalu lisilo na majina hayo lirudishwe siku hiyohiyo, hata kama mwombaji amesindikizwa na mkubwa. Hasa akisindikizwa na mkubwa.

Kisha uwezo. Leseni ya utafutaji huanza na miaka 4, huweza kuongezwa 4, halafu 3. Hiyo ni miaka 11 ambayo kitalu kinaweza kukaa mfukoni mwa mtu asiye na fedha ya kuchimba. Kisima cha Zafarani, kilichogundua gesi katika Kitalu namba 2 mwaka 2012, kilichimbwa mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500, na kisima cha namna hiyo kinaweza kumeza zaidi ya dola milioni 100. Mwombaji asiyeweza kuweka dhamana ya benki kwa kazi anayoiahidi ni dalali. Anatafuta karatasi ya kwenda kumuuzia mwenye mtambo.

Kuhusu usiri, historia yetu si ya kujivunia. Mwaka 2014 wananchi walijua masharti ya nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 kwa sababu waraka ulivuja. Novemba mwaka huohuo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wawili wa TPDC washikiliwe na polisi baada ya kuinyima mikataba 26 iliyoiomba. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli na sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, zote kwa hati ya dharura. Sheria hiyo ya pili, kifungu cha 16, inamtaka waziri ahakikishe mikataba na leseni zinachapishwa pamoja na majina ya wanahisa. Ilikuwa dharura kuipitisha. Kuitekeleza imekuwa jambo la kusubiri.

Wapo wanaosema dunia inayapa mafuta kisogo, basi tuuze upesi kabla soko halijafungwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inawaelemea zaidi wanaopitia maombi: mkataba mbovu wa leo utatufunga hata soko litakapokwisha. Gesi tuliyokwisha kuigundua inafikia futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa bado chini ya sakafu ya bahari kuu. Haiozi.

Wala mvuvi wa Kilwa au Mafia asipate habari za meli ya kupima sakafu ya bahari kwa mitetemo siku anapoambiwa aondoe nyavu. Aarifiwe na asikilizwe kabla leseni haijatoka.

Kwa hiyo PURA itangaze mapema vigezo na alama za kupima maombi, itoe orodha ya waombaji wote na wamiliki manufaa wao, na ieleze kwa maandishi kwa nini kila mmoja alikubaliwa au alikataliwa. Mkataba uchapishwe ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini, pamoja na nyongeza zake zote, maana tumeona nyongeza zinavyoweza kubeba mambo. Na kamati ya Bunge inayosimamia nishati iidai ratiba hiyo mezani kabla ya kuidhinisha shilingi hata moja ya bajeti ijayo ya Wizara.