Jambia la Sandukuni

Wapo wakusanyaji wa majambia ambao hufurahia kuficha kuliko kumiliki. Akiulizwa mmoja wao jambia lake limetoka wapi, hutabasamu. Akiulizwa nani aliyelifua, hugeuza mazungumzo. Sababu inayotolewa ni wezi, na mara nyengine husuda. Wezi wapo, na husuda ipo. Lakini jina la fundi haliibiwi kwa kutajwa.

Khanjari ya Oman, ambayo ndiyo inayosakwa zaidi, si ubapa pekee. Ni mpini, ni ala iliyopinda, ni nyuzi za fedha zilizofumwa, ni pete za kufungia mshipi: aghalabu nne, ila ile inayonasibishwa na ukoo wa Busaidi huwa na saba. Fedha yake mara nyingi ilitokana na kuyeyusha reale za Maria Theresa, zilizoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, kila moja ikiwa na gramu 23 na ushei za fedha safi. Mambo haya hayajulikani kwa kulikodolea macho jambia moja usiku, mlango umefungwa. Hujulikana yanapowekwa kumi juu ya jamvi moja na wenyewe wakabishana: ala hii si ya ubapa huu, pete hizi zimeongezwa juzi, mpini huu umebadilishwa.

Na mpini ndio penye aibu. Yemen walipendelea pembe ya kifaru, na ile iliyozeeka ikang'ara kwa kushikwa wakaiita sayfani. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kufika 65,000. Kufikia 1995 hawakutimia 2,500. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1977, na Yemen ya Kaskazini ikazuia kuziingiza mwaka 1982. Sasa mkusanyaji anayenunua gizani, asiyeonesha wala kuuliza, atatofautishaje pembe ya kifaru na ya nyati? Atajuaje kama mpini wake ni wa karne iliyopita au ni wa mnyama aliyeuawa baada ya marufuku? Ukimya wake ndio kivuli anachojifichia muuzaji.

Lipo kundi jengine, nalo husema jambia ni pambo la masultani, kwa hiyo kulikusanya ni kuutukuza utawala wao. Hoja hii si ya kubezwa katika visiwa vilivyoyaona ya 1964. Hata hivyo, jambia lililofungiwa sandukuni halimkumbushi mtu yeyote mtumwa aliyechuma karafuu zilizolilipia. Likitolewa, likaelezwa nani alilivaa na kwa mali ya nani, litasema ambayo mwenyewe hakukusudia liyaseme. Kulibandika jina la "Oman" au "Zanzibar" kwa pupa nako ni kosa: mpaka 1861 vyote viwili vilikuwa chini ya dola moja, na mafundi na fedha vilisafiri kwa pepo zile zile za kaskazi na kusi.

Wapenzi wa tenzi hawahitaji kufundishwa hili. Fumo Liyongo, ambaye silaha nyengine hazikumdhuru, husimuliwa kuwa aliuawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe. Lau msimulizi angesema "kwa chuma fulani" akapita, kisa kingebaki na nini? Mshairi alitaja madini, mahali na mkono. Mkusanyaji wa leo, mwenye makabati ya vioo, hushindwa kutaja hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

UNESCO, ilipoiandikisha khanjari ya Oman mwaka 2022, haikuandikisha vipande vya makabatini bali ustadi wa kuitengeneza na desturi za kuivaa. Huku kwetu upande huo haujagusiwa hata kidogo. Hakuna anayegombania kotama ya mgema, kwa kuwa haina fedha mpinini, wala kisu cha kuparia samaki kilichofuliwa kutokana na springi ya lori. Mwenye kotama ya babu yake huitupa ikishalika, na mhunzi aliyeifua akifa hakuna aliyewahi kumwuliza alijuaje, kwa kuitazama rangi ya moto tu, kuwa chuma kimeiva.