Mkweche wa Nani?

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwetu Nkwenda Jumanne asubuhi, na pikipiki, daftari na mizani ya kuning'iniza. Alisalimia watu wote, hata watoto. Hakulisalimia gari. Najua magari hayasalimiwi, ila baba mkubwa alikuwa analisalimia hili kila asubuhi, anapiga boneti makofi mawili ndipo afungue kifuniko cha radieta. Mnunuzi alilizunguka mara moja, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Bodi ni alumini," akasema. "Hii tunapima peke yake, ina bei. Chesisi na injini ni kilo za kawaida."

Kaka yangu alikuwa ameshapiga hesabu. Alumini ingelipa ada ya mwanawe wa kidato cha tatu, chuma kingenunua mabati ya jiko la mama. Dhidi ya ada sina neno. Nina neno dhidi ya alichosema nilipoomba tungoje kwanza: "Dada, tuache utani. Huo ni mkweche."

Gari lenyewe ni Land Rover 109 la mwaka 1974. Limesimama chini ya mparachichi tangu baba mkubwa alipofariki, mwaka juzi. Kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Kwa macho ya kawaida kaka hakukosea. Tatizo langu ni kwamba nimewahi kuona gari la umri uleule likiitwa jina jingine kabisa, na waliokuwa wanaliita hivyo hawakuwa wanatania.

Ilikuwa Novemba 2015, nasoma Arusha. Mwaka ule mbio za East African Safari Classic, zile za magari ya zamani, zilipita Kenya na Tanzania. Rafiki yangu mmoja, ambaye baba yake ana gereji, akanivuta tukaangalie. Tulisimama pembeni mwa barabara ya vumbi tangu asubuhi, chapati zetu kwenye mfuko. Yalipokuja tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yakapita moja moja, Porsche 911, Ford Escort, na mengine ambayo rafiki yangu aliyataja kwa sauti kama anayesoma majina ya watakatifu. Nakiri nilipiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kudharau, maana nilikuwa mwaka wa pili na nilidharau vitu vingi, lakini injini ile ilipopita hatua chache kutoka kifuani kwangu nilisahau hoja zangu zote. Atakayekuambia magari yale si mazuri, usimwamini hata kwa mambo mengine.

Baadaye tulikwenda mahali yalipokuwa yanahudumiwa. Kulikuwa na kamba. Upande wa pili wa kamba mafundi walikuwa wamelala chini ya magari, unaona miguu tu, na miguu mingi ilikuwa ya watu wa kwetu. Milangoni mwa magari kulikuwa na majina mawili mawili, la dereva na la msaidizi wake anayesoma ramani. Jirani yangu, bwana wa makamo, alikuwa anamweleza mwanawe kwamba gari lile ni la miaka ya sabini, na kwamba bei yake inaishinda nyumba yao. Mtoto akauliza, "Kwa nini? Si limezeeka?"

Baba yake alicheka. Mimi nimekaa na swali hilo miaka yote hii, na jibu nililolipata silipendi: gari la mwenye nacho likizeeka huitwa urithi, la asiye nacho likizeeka huitwa mkweche. Chuma ni kilekile. Hata kabureta zinaziba kwa uchafu uleule.

Mtaniambia mbio zile zina historia na Land Rover ya Nkwenda haina. Haya, tuiangalie hiyo historia. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa zinakimbizwa wakati wa Pasaka, katikati ya masika, kwa makusudi ya kutafuta matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mashabiki wanawajua madereva wa magari yale saba kwa majina, na hawakosei, kwa sababu ilikuwa kazi ya kiume na ya kichaa. (Na ya kike pia, walikuwapo wanawake walioendesha.) Lakini gari likizama hadi ekseli halitoki kwa jina la dereva. Linatoka kwa sababu watu wa kijiji wamevua viatu, kama wanavyo, wakaingia kwenye tope wakasukuma. Kila anayezifahamu mbio zile anaijua picha hiyo. Ni ya gari na migongo. Kwenye maelezo chini ya picha gari lina jina, lina namba, lina mwaka. Migongo haina.

Kinachouma zaidi ni kwamba bingwa mkubwa wa mbio zile alitoka gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishika spana kabla ya kushika usukani. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha tumika, gari la mkononi kama tunavyosema. Akashinda tena 1974 na 1976. Kwa hiyo hata kwenye kumbukumbu zao wenyewe ukweli upo wazi: Safari ilishindwa na fundi, kwa gari lililochoka. Zilipozaliwa upya kama Classic mwaka 2003, miaka hamsini baada ya zile za kwanza, zilirudi na magari na zikarudi na madereva. Mafundi wakabaki miguu chini ya gari.

Sasa turudi kwetu. Baba mkubwa alianza kama utingo wa lori la kahawa, akawa dereva. Vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa 1978, lori alilokuwa akiliendesha lilichukuliwa kwenda vitani, naye akalifuata. Hakulizungumza sana. Alichozungumza ni miaka iliyofuata, njaa ya vipuri. Mafuta hayapatikani, Jumapili baada ya saa nane mchana ni marufuku gari binafsi kutembea, duka la vipuri lina kaunta na mwenye duka tu. Mnaosoma haya mkiwa na simu inayoweza kuagiza kioo cha taa kikafika baada ya siku tatu, hebu fikirieni kukata bushi za springi kutoka kwenye tairi kuukuu, kwa kisu, kwa kukadiria kwa jicho. Fikirieni breki zinazojazwa maji ya sabuni kwa sababu mafuta ya breki hayapo mkoa mzima, halafu uteremke mlima na wagonjwa nyuma. Sisemi hivyo kwa kusifu. Maji ya sabuni yameua watu. Nasema kwamba akili iliyoendesha magari katika hali ile ni akili ya kiwango cha juu, na ilikaa Kayanga, Omurushaka, Kaisho, kwenye vichwa vya wanaume walioishia darasa la saba au kabla yake.

Land Rover hili alilinunua mwaka 1986 kwenye mnada, likiwa halitembei. Fundi mmoja wa Omurushaka alilala kwetu wiki tatu. Likatembea. Wakati huo Kyerwa bado ilikuwa Karagwe, wilaya haikugawanywa hadi 2012, na barabara zilikuwa jina tu. Msimu wa kahawa lilibeba magunia. Usiku lilibeba wajawazito kwenda Nyakahanga, na kwenye kilima kibaya baba mkubwa alikuwa anasimamisha gari na kuwaambia wanaume washuke wasukume, mjamzito abaki na shangazi zake. Watu wawili ninaowajua walizaliwa kabla gari halijafika. Mmoja ni huyu kaka yangu anayetaka kuliuza. Nilimkumbusha Jumanne ile mbele ya mnunuzi. Akasema yeye hakuomba kuzaliwa kwenye mkweche.

Nikiandika hivi najua wapo wenzangu, hasa tuliosoma vitabu vinavyofanana, watakaosema haya ni kuipenda Land Rover ya mkoloni. Kwamba gari lile lilileta bwana shauri na mkusanya kodi, na kumbukumbu yake haina haja ya kutunzwa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Lakini hebu tazameni mnachokifanya. Mkoloni amekwisha kuondoka, gari amelirithi mkulima wa maharage, amelifungua na kulifunga mara mia mpaka kilichobaki cha kiwanda ni chesisi na beji, na ninyi bado mnalihesabu ni la mkoloni. Yaani mikono ya fundi wa Omurushaka kwa miaka thelathini haikubadilisha umiliki? Alumini yenyewe iliwekwa kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, wakatengeneza bodi kwa kilichokuwapo. Walifanya alichofanya fundi wetu na tairi kuukuu. Wao wakaitwa wabunifu.

Wengine watasema sheria yenyewe imeamua. Ukiingiza nchini gari la umri mkubwa unatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na Kenya hawaruhusu kabisa lililozidi miaka minane. Sina ugomvi na sheria hizo. Zinazuia nchi tajiri kutufanya jalala. Ila zinahusu gari linalokuja, na hazikutuagiza tulione kila lililozeeka hapahapa kuwa taka.

Halafu wapo wenye nia njema, ambao nawaogopa kuliko mnunuzi. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alitaka kulinunua aliweke bustanini, apande maua kwenye sehemu ya injini. Alisema watalii watalipenda. Nilimjibu kwa heshima, maana ni mtu mzima, lakini tangu siku ile sijanywa soda kwake.

Hapa Karagwe si mahali pa kufundishwa thamani ya chuma. Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 alikuta ufalme ambao wafua chuma wake walikuwa mabwana wa kazi yao. Katika hazina ya kifalme ya Bweranyange kulikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma, zenye pembe ndefu nyembamba, na vyuma vya mfano wa fuawe vilivyokuwa alama ya utawala. Fikiria mfalme anayejitambulisha kwa chombo cha fundi. Sisi vitukuu vya watu hao tunasimama chini ya mparachichi tunamsubiri kijana wa mizani atuambie kilo.

Ninachokitaka ni kidogo, na kinawezekana kabla ya senene wa mwaka kesho. Nataka siku moja pale Kayanga, uwanjani, ambapo kila mwenye gari kuukuu wa Karagwe na Kyerwa alilete: Bedford, Peugeot 404 kama ipo, Land Rover zote zilizojificha migombani. Lisilotembea livutwe kwa trekta. Pasiwe na mashindano, barabara zetu zimeshatushindanisha vya kutosha. Wazee wakae kwenye viti, siyo nyuma ya kamba, na kila gari liandikwe mlangoni majina mawili, la dereva na la fundi. Vijana waje na simu zao warekodi jinsi bushi inavyokatwa kutoka kwenye tairi, kabla mtu wa mwisho anayeijua kazi hiyo hajaenda nayo. Wale wa Classic wakitaka kuja tutawapokea. Tutawapa rubisi na nafasi ya kusukuma.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi. Mimi ni binti, nilipewa nafasi ya kusema baada ya wote, wakati chai imeshakuja. Nilisema haya haya kwa ufupi. Baba mdogo akasema maneno mazuri hayalipi ada, na amesema kweli. Tukafikia hapa: nitalipa ada ya muhula mmoja kutoka mshahara wangu, na gari lisiguswe hadi kahawa ya mwaka huu iuzwe. Baada ya hapo tutakaa tena. Mnunuzi ameacha namba yake.

Jumapili fundi wa Omurushaka alikuja kwa bodaboda, amekumbatia betri kama mtoto. Ana miaka zaidi ya sabini, jicho moja lina mtoto wa jicho. Tuliwafukuza kuku. Alifungua kabureta juu ya gunia, akasafisha kwa petroli na mswaki, akaniambia nipige hendeli. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Lilikohoa mara ya tano, likazima. Mara ya tisa lilikohoa likaendelea, moshi mweusi ukajaa migombani, na kaka akatoka jikoni na kikombe mkononi akasimama pale bila kusema kitu.

Nilikuwa nimenunua kopo dogo la rangi nyeupe. Nilimwambia fundi naandika mlangoni jina la baba mkubwa na chini yake la kwake, anitajie herufi nisikosee. Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Andika," akasema. "Na namba ya simu."