Nyumba ya Ufundi ya Venice

Neno "sanaa" twalijua sote: ni kazi ya ustadi itokayo mikononi mwa fundi. Na neno "Dar", maana yake nyumba, halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kukata tikiti ya kwenda Dar es Salaam. Waarabu wa zamani waliyaunganisha maneno ya asili hiyo, wakapaita mahali pa kuundia merikebu "dar as-sinaa", yaani nyumba ya kazi za ufundi. Wafanya biashara wa Italia walilisikia jina hilo katika bandari za Waarabu wakarudi nalo kwao, na kwa kupita vinywani mwa watu wengi likawa "arsenale". Leo mataifa mengi ya Ulaya hulitumia kwa maana ya mahali pa kuundia silaha na kuziweka. Arsenale iliyolipa neno hilo sifa ni ya mji wa Venice, nayo ndiyo nitakayoieleza juma hili.

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo katikati ya maji ya chumvi. Hapana shamba wala malisho. Nafaka, kuni na nguo zililetwa kwa merikebu, na mtu aliyezishinda merikebu za Venice angaliweza kuutia mji wote njaa pasipo kuukanyaga. Kwa hiyo watawala wake waliamua kwamba kazi ya kuunda manowari isiachwe mikononi mwa matajiri, bali iwe ya serikali, ndani ya ukuta mmoja. Mapokeo ya mji yasema ilianza mwaka 1104. Ikapanuliwa mara kwa mara hata ikaenea karibu ekari 110.

Asubuhi kengele kubwa ya mji ililia, na maelfu ya mafundi wakaingia langoni: maseremala, wahunzi, wasokota kamba, na wale wa kuziba nafasi za mbao kwa nyuzi na lami, walioitwa "calafati". Fundi wa majahazi wa Lamu hana haja ya kufasiriwa neno hilo, maana naye huita kazi hiyo kalafati. Wanawake walishona matanga katika chumba chao wenyewe. Mafundi walipewa divai iliyochanganywa na maji, bila malipo, na fundi mzee aliyeishiwa na nguvu hakufukuzwa, bali aliendelea kupokea mshahara. Moto ulipozuka mjini, hao ndio walioitwa kuuzima.

Bwana mmoja Mhispania, Pero Tafur, alifika huko katika miaka ya 1430, akaandika aliyoyaona. Kulikuwa na mfereji, na kila upande nyumba zenye madirisha. Merikebu tupu ilivutwa polepole mferejini, na katika dirisha moja ikapewa kamba, katika jingine mikate, katika jingine silaha, hata ilipofika mwisho ilikuwa tayari kwa safari, na wavuta makasia wamo ndani. Asema kwamba kwa muda wa saa sita zilitoka kumi. Watu wa siku hizi hudhani kwamba kazi ya kupitisha chombo mbele ya mafundi ilibuniwa na viwanda vya motokaa vya Marekani!

Lakini msomaji mkulima atauliza, mbao zilitoka wapi? Hapa ndipo sifa ya Arsenale inapopata doa. Mwaka 1471 serikali iliuweka msitu wa Montello, ulioko bara, kuwa akiba ya miti ya mialoni kwa ajili ya manowari. Mialoni ilihesabiwa na kutiwa alama, na mwenyeji aliyeikata aliadhibiwa. Zaidi ya hayo, wanavijiji walilazimishwa kuyakokota magogo kwa magari ya ng'ombe mpaka mtoni. Basi wengine waliona heri kung'oa mche wa mwaloni ungali mdogo, kabla haujaonekana na ofisa wa serikali, kuliko kuuacha ukue uwe mali ya Arsenale na mzigo kwa mwenye shamba. Serikali haikukosea kuulinda msitu, kwa kuwa bila sheria ungalikwisha. Kosa lake ni kwamba aliyeutunza mti hakupata faida yo yote.

Mwezi wa Septemba 1569 baruti ililipuka ndani ya Arsenale na sehemu ikateketea. Hata hivyo, miaka miwili baadaye Venice ilipeleka zaidi ya merikebu 100 katika vita vya Lepanto dhidi ya Waturuki, pamoja na sita kubwa zilizojazwa mizinga, ambazo ziliwashitua sana adui.

Baadaye biashara ya dunia ilihamia bahari nyingine, na Arsenale ikapungukiwa na kazi. Mwaka 1797 Napoleon aliutwaa mji. Askari wake, kabla ya kuwakabidhi Waaustria, waliitupua Arsenale, na katika Januari 1798 wakaichoma merikebu ya heshima ya mtawala ili waipate dhahabu iliyoipamba. Mwaka 1866 mji ukawa wa Italia, na winchi kubwa iliyotengenezwa Uingereza ikasimamishwa humo, ingali imesimama. Katika vita vya 1914–1918 kazi ya kuunda meli ilikoma.

Je, yafanya kazi gani sasa? Jeshi la Maji la Italia lingali na sehemu yake humo, pamoja na chuo cha maofisa. Mwaka 2013 sehemu kubwa ilikabidhiwa halmashauri ya mji. Jumba la kusokotea kamba, lenye urefu wa meta 316, hutumika kwa maonyesho ya picha na majengo tangu 1980. Wenyeji wengine hunung'unika kwamba wageni wa maonyesho wamechukua nafasi ya mafundi, nami nawasikitikia.

Hata hivyo upande wa kaskazini kuna chumba ambamo wahandisi huyatazama maji ya bahari usiku na mchana. Wao ndio wanaoamuru malango 78 ya chuma, yaliyolazwa chini ya maji penye milango mitatu ya bahari, yainuke maji yanapojaa kupita kiasi. Yaliinuliwa mara ya kwanza kwa kuzuia mafuriko tarehe 3 Oktoba 2020, na siku hiyo uwanja mkuu wa mji ulikaa mkavu.