Hati ya Kiwanja Haizuii Maji

Imeenea miongoni mwetu wakazi wa Dar es Salaam itikadi ambayo, kwa kukaririwa sana, imekuwa kama sheria: ya kwamba mafuriko ni balaa la watu wa mabondeni, waliojenga Jangwani na Kigogo pasi na idhini, na kwamba aliyenunua kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni zake nne na hati kabatini, huyo amekwisha salimika. Naikanusha itikadi hiyo tangu mzizi wake, kwa kuwa ndiyo inayotuzidishia mabonde kila mwaka ilhali tunadhani tunajenga mji.

Mpimaji hupima mpaka baina ya jirani na jirani, na aghalabu huifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Walakini mpaka baina ya watu na maji hakuna amwulizaye. Nenda mwezi wa Agosti katika viwanja vipya vya pembezoni mwa mji, ukitembezwa na dalali: utaona ardhi kavu, tambarare, barabara zimekwisha chongwa kwa greda. Inama kidogo utazame. Utaona matete yaliyofyekwa karibuni, visiki vyake vingali vibichi, na udongo mweusi uliopasuka vipande vipande; na bibi achumaye mchicha hapo kando, ukimwamkia na kumwuliza, atakwambia kwamba zamani pale palilimwa mpunga. Mkulima aliyepachagua alikuwa akitafuta maji, na aliyapata. Dalali analijua hilo, na ndiyo maana hapendi kumleta mteja wakati wa masika.

Mnunuzi wa kwanza hujenga. Wa pili, akiisha kuona dimbwi, huleta malori ya kifusi, akakiinua kiwanja chake, akakizungushia ukuta pande zote na kuusakafia ua wote. Wa tatu naye hufanya vivyo hivyo, akipita kimo cha wa pili. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini taratibu husukumwa barabarani, na kutoka barabarani huingia sebuleni kwa yule wa kwanza, ambaye hati yake ni halali kama zao. Maji hufuata mkondo, na mkondo wenyewe ramani imekwisha ugawa kwa nambari za viwanja.

Wala dhara haliishii hapo. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye daraja la Salenda, na kila paa na kila sakafu inayoongezwa huku juu humtupia maji yake mtu wa chini. Desemba 2011 walikufa kwa mafuriko watu wapatao 40 katika mji huu, na wengi waliookoka mabondeni wakahamishiwa Mabwepande; sisi wa juu, tuliowapelekea maji yale, hatukuulizwa neno. Na anayeshikilia kwamba kosa ni la wavamizi peke yao, na aiangalie karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani: ilijengwa kwa michoro, kwa idhini na kwa fedha za umma, na maji yakaingia yakayazamisha mabasi.

Nitaambiwa kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema, nami naiunga mkono. Lakini mto ukifurika Jangwani hutanda mbali kupita meta hizo, na ukingo wenyewe humegwa na kuhama masika baada ya masika, hata nyumba iliyojengwa mbali ikajikuta ukingoni.

Baina ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa huu uliongeza watu milioni moja, na wajao nao watataka viwanja. Basi mchoro wowote wa mipangomiji usioonyesha kwanza njia ya maji, na mahali yatakapotuama, urudishwe kwa mwenyewe bila kutiwa sahihi. Njia hiyo isiuzwe, bali ifanywe bustani au kiwanja cha mpira. Na kifusi kisimwagwe mpaka halmashauri imefika na kuona maji yatageukia kwa nani.

Nawe msomaji uliyekwisha weka akiba ya kiwanja, usilipe Agosti. Ngoja Aprili, uende siku ya mvua kubwa, ukasimame pale unapotaka kuweka msingi.